Kabla Hujalipia Lundo la Alteneta

Kijana anayetoka chuo cha VETA na cheti chake cha umeme wa magari, akapata benchi, vaisi, mita na mtaji mdogo, mara nyingi huingia kwenye biashara ya kufufua alteneta na stata akiwa na swali moja mdomoni: "Moja shilingi ngapi?" Akitajiwa bei ya chini, anatoa pesa. Swali lenyewe halina ubaya, ila limewahi mno. La kutangulia ni hili: katika hizi zilizolundikwa mbele yangu, ngapi zitatoka karakanani kwangu zikiwa nzima, zikafungwa kwenye gari la mtu na zikadumu? Asiyeweza kukadiria jibu la swali hilo hana njia ya kujua kama bei aliyotajiwa ni rahisi au ni ghali, hata kama anayemuuzia ni ndugu yake.

Nasema kufufua, na hapa tuelewane, maana kazi hii ni tofauti na ile ya gereji. Fundi wa gereji analetewa alteneta isiyochaji, anatafuta kilichokufa, anakibadilisha, anairudisha kwenye gari. Beringi ikiwa bado inazunguka vizuri anaiacha. Mfufuaji anafungua kila kitu mpaka skrubu ya mwisho, anaosha, anabadilisha vyote vinavyolika kwa matumizi, vibovu na vizima, anapima kwenye benchi, kisha anauza kwa jina lake na kwa dhamana yake. Kampuni kubwa zinaishi kwa kazi hii pia: Caterpillar ya Marekani ilianza kufufua injini mwaka 1973, na hadi leo inauza vipuri vilivyofufuliwa sambamba na vipya.

Tofauti hiyo ndiyo inayokufundisha namna ya kununua. Kaboni, beringi, na mara nyingi regyuleta, utazibadilisha hata zikiwa nzima. Basi ubovu wake haukuhusu ukiwa sokoni. Alteneta inayokwaruza ukiizungusha kwa mkono huwakimbiza wanunuzi wengi, kumbe beringi ni kitu cha dukani na bei yake inajulikana. Wewe tafuta uzima wa vile visivyouzwa dukani, au vinavyouzwa kwa bei inayoua faida: bodi ya aluminiamu, rota, koili za nje, na kwa upande wa stata, amecha na pua yake. Hivyo vikiwa vizima, umenunua mali. Vikiwa vimekufa, umenunua chuma chakavu, na chuma chakavu bei yake ni ya kilo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Hoja yake mtu yeyote aliyewahi kununua kitu Kariakoo au Gikomba ataitambua. Muuzaji anaijua hali ya gari lake, mnunuzi haijui. Mnunuzi kwa kuogopa anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiisikia bei hiyo anaondoka na gari lake, na wanaobaki sokoni ni wenye mabovu. Soko la spea chakavu linakwenda hivyo hivyo, isipokuwa lina mwanya mmoja ambao mnunuzi makini anautumia: si kila muuzaji anajua anachouza.

Muuza vyuma chakavu anayepima kwa kilo hajui, na hana haja ya kujua. Kwake alteneta ni aluminiamu, chuma na shaba kidogo. Imefika kwenye mzani kutoka gari lililogongwa, gari lililokufa injini, au gereji iliyofagia stoo. Hapo kutojua kwako na kwake ni kwa kiwango kimoja, kwa hiyo hakuna aliyekutengea mabovu kwa makusudi. Fundi wa gereji ni kinyume chake. Anajua vizuri ile alteneta ilikufaje, kwa sababu ndiye aliyeifungua, na huenda dayodi nzima keshazitoa akafungia zilizokufa. Muuza spea za mtumba yuko katikati. Zile alizoziona nzuri kazipangusa na kuzipanga kwenye rafu. Lundo lililo sakafuni ni zile ambazo yeye na wateja wake wa miezi kadhaa wamezikataa, moja baada ya nyingine. Kulinunua lundo hilo si kosa, ila bei yake iwe bei ya vilivyokataliwa.

Ndiyo maana nasisitiza kuuliza nani amepita hapo kabla yako. Mzigo ambao haujaguswa, hata ukiwa mchafu na wa mchanganyiko, una thamani kuliko mzigo uliochambuliwa ukaoshwa. Kama unaweza kufika siku kontena linapofunguliwa, au siku magari mabovu yanapovunjwa, fika. Kama unafika wiki ya tatu, punguza bei unayotoa bila haya.

Tupige hesabu, na takwimu hizi nazitoa kwa mfano tu, weka za kwako mahali pake. Tuseme umenunua alteneta 20 kwa shilingi 20,000 kila moja. Umetoa 400,000. Ukizifungua, 11 zinafufuka na 9 hazifai. Zile 9 unazivunja, unapata puli, dayodi chache, bodi, shaba. Tuseme kila moja inakurudishia 5,000, jumla 45,000. Mzigo wako wa kweli sasa ni 355,000 kwa alteneta 11, yaani kila moja imekugharimu zaidi ya 32,000 kabla hujaigusa. Ongeza 50,000 kila moja kwa vipuri vipya, umeme na kazi. Ukiuza kwa 110,000, mzigo wote unakuachia faida ya 305,000.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Badala ya 11, zimefufuka 7. Bei ya kununulia ni ile ile, fundi ni yule yule, bei ya kuuzia haijabadilika. Zile 13 zilizokufa zinakurudishia 65,000, umebaki na 335,000 kwa alteneta 7, ukiongeza 50,000 za kila moja unafika 685,000. Umeuza 770,000. Faida ni 85,000 kwa mzigo mzima. Mteja mmoja akirudi na alteneta iliyokufa ndani ya muda wa dhamana, ukampa nyingine, hiyo nyingine imekugharimu karibu 98,000. Faida yote imekwenda, na bado umetoa kidogo mfukoni. Uliponunua, lundo la 11 na lundo la 7 yalifanana kwa macho, na muuzaji alikutajia bei moja.

Kutokana na hesabu hiyo, anza nyuma. Jua kwanza utauza bei gani, ondoa vipuri na kazi, ondoa akiba ya zitakazorudi, ondoa faida unayoitaka. Kinachobaki kizidishe kwa idadi unayotarajia ifufuke, jumlisha thamani ya chakavu, kisha gawa kwa vipande vyote vya lundo. Hiyo ndiyo bei yako ya juu kabisa kwa kipande. Muuzaji akiivuka, muage kwa heshima. Na ile idadi unayotarajia iwe ya chini kuliko inavyotarajia roho yako, maana mtu akishapenda mzigo huuona mzima.

Njia nzuri ya kuipata idadi hiyo ni kuonja. Kabla ya kununua 50, nunua 5, uzifungue zote usiku huo huo, urudi kesho yake. Lakini hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wakiruhusiwa kuchagua, wanachagua 5 zinazopendeza, zinafufuka zote, wanarudi mbio kununua lundo lililobaki, ambalo sasa halina zile zilizopendeza. Unapoonja, lengo ni kulijua lundo, kwa hiyo chukua moja chini kabisa, moja ubavuni, moja iliyo mbaya kwa sura, moja ya kawaida, moja uliyoiokota umefumba macho. Usikubali 5 anazokupa muuzaji mkononi. Hata hivyo 5 ni chache, na bahati inaweza kukucheka. Ukikuta 4 kati ya 5 ni nzima, usilipie kana kwamba 40 kati ya 50 zitakuwa nzima.

Tuje kwenye mikono sasa. Chukua alteneta moja ya Toyota ya volti 12, aina utakayokutana nayo kila siku kwenye Noah, IST na Hiace. Anza na masikio, yale yanayoshikiliwa na bolti kwenye injini. Yapitishe kidole pande zote. Sikio lililopasuka au lililowahi kuchomelewa ni sababu tosha ya kuiweka chini, kwa kuwa aluminiamu iliyochomelewa vibaya huachia tena kwa mtetemo wa injini, na hakuna beringi mpya itakayokuokoa. Kisha tazama vichwa vya skrubu na nati. Skrubu iliyoliwa na bisibisi, bolti moja isiyofanana na wenzake, gundi ya silikoni inayochungulia kwenye kiungo, vyote vinakwambia mtu ameshaingia humu. Alteneta ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani, yenye vumbi na mafuta ya miaka yaliyogandamana sawasawa, ina uaminifu ambao iliyopakwa rangi ya fedha haina. Rangi mpya juu ya aluminiamu kuukuu naihesabu kuwa hasara: mpakaji hakupaka bure, na bei ya rangi keshaiweka juu yako.

Igeuze kuelekea mwanga uchungulie kwenye matundu ya hewa. Koili nzima ina rangi ya shaba chini ya vanishi, ya kahawia inayong'aa kidogo, na inafanana mzunguko mzima. Ukiona sehemu nyeusi na sehemu zenye rangi yake zinapishana kwa mpangilio, koili moja kati ya tatu imeungua, na mara nyingi chanzo ni dayodi iliyopiga shoti. Ikiwa nyeusi yote, ilibebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Inuse. Harufu ya vanishi iliyoungua hukaa miezi, haifichiki kwa rangi wala kwa petroli. Fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya, ila ingiza gharama yake kwenye hesabu kabla ya kulipa, usiikumbuke baadaye.

Zungusha puli. Mkwaruzo laini wa beringi usikutishe. Lakini jaribu kuitikisa shafti juu na chini: ikicheza sana, gari lilitembea muda mrefu likiwa na beringi iliyokufa, na huenda rota imekuwa ikisugua koili za nje. Ukichungulia utaona michubuko inayong'aa kwenye kucha za rota. Hiyo iache.

Mita ikiwa mfukoni, kipimo kimoja hakihitaji kufungua chochote. Iweke kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu iguse bodi, nyeusi iguse bolti kubwa inayopeleka umeme kwenye betri. Mita isome takriban 0.8 hadi 1.0, kwa sababu umeme unapita dayodi mbili zilizofuatana. Geuza ncha, isipitishe. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, dayodi zimepiga shoti. Habari hiyo peke yake isikukimbize, dayodi hubadilishwa, ila irudie koili kwa macho mara ya pili. Muuzaji akikuruhusu kuondoa kifuniko cha nyuma na kaboni, pima rota kwenye zile pete mbili zinazosuguliwa na kaboni. Rota nyingi za volti 12 husoma kati ya omu 2 na 5, na kati ya pete na shafti kusipite umeme hata kidogo. Isiposoma kitu, usihukumu haraka. Mara nyingine waya umekatika pale unapoungana na pete, mahali ambapo solda inafika.

Stata ina hila yake. Muuzaji ataigusisha kwenye betri, itazunguka kwa kasi na kelele, naye atakutazama kama mtu aliyemaliza ubishi. Kuzunguka bila mzigo hakuthibitishi kitu kikubwa. Stata inaweza kuzunguka hewani vizuri kabisa, ikawekwa kwenye injini ikashindwa kuisukuma. Tazama meno ya gia ya bendeksi, mpasuko wa pua, na ukiweza kufungua nyuma, tazama komyuteta. Ikiwa imeungua sehemu moja, au kuna matone ya solda yaliyorushwa kwenye ukuta wa ndani, dereva aliwahi kuushikilia ufunguo mpaka stata ikachemka, na amecha hiyo haina maisha. Kinyume chake, stata nyingi za Denso zinazouzwa kama zimekufa zina ugonjwa mmoja wa bei ndogo: shaba za ndani ya solenoidi zimelika, dereva akipiga ufunguo anasikia "tak" moja basi. Ukiuziwa hiyo kwa bei ya chakavu umepata.

Kuna aina moja ya mzigo ambayo ningekushauri uikwepe hata ikiletwa mlangoni kwako kwa bei ya kutupa: vitu vilivyozama. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua ambayo haijawahi kupimwa kwa kizazi kizima ilishuka Falme za Kiarabu, na barabara za Dubai na Sharjah zikajaa magari yaliyozama. Sharjah hiyo ndiko wafanyabiashara wetu wengi wa spea wanakonunua. Gari lililozama likishaandikwa na bima kuwa halifai, huuzwa kwa mnada na kuvunjwa, na vipande vyake huwa na nauli ya kusafiri. Nasi huku mafuriko tunayo. Maji yakishaingia kwenye alteneta na kukauka, huacha ukungu mweupe wa unga kwenye aluminiamu ya ndani, tope laini kwenye pembe ambazo upepo haufiki, na kutu ya rangi ya chungwa kwenye chuma kinachoshika koili. Nje inaweza kuwa imeoshwa ikang'aa. Kipimo cha mita kitapita siku hiyo, kwa sababu unyevu umekauka. Ubovu unakuja baadaye, vanishi ikiendelea kuliwa chini kwa chini, na unakuja akiwa nayo mteja wako njiani usiku. Ukikuta moja ya namna hiyo kwenye lundo, chunguza nyingine 3 au 4. Vitu vilivyozama husafiri pamoja.

Kuhusu aina za magari nitasema machache. Nunua vinavyoendana na magari ya barabara zako. Alteneta nzuri ya gari lisilopatikana mji mzima ni pesa iliyolala. Usichanganye za volti 24 za Fuso na Canter na za volti 12 kwenye hesabu moja, kwa kuwa wateja wake na dhamana yake ni tofauti. Na zile za magari mapya ambazo kuchaji kwake kunaongozwa na kompyuta ya gari, ziache mpaka uwe na kifaa cha kuzipimia, maana benchi la kawaida haliwezi kukwambia kama ni nzima.

Turudi kwa muuzaji, kwa sababu mwisho wa yote hii ni biashara ya watu. Usipatane bei tu, patana masharti. Yapo masharti mawili ambayo muuzaji mwenye nia njema hukubali bila kununa. La kwanza, unalipa sehemu kubwa leo na iliyobaki baada ya kuzifungua. La pili, zile zitakazokutwa hazina kitu ndani, dayodi zimetolewa au rota si ya humo, unazirudisha. Zilizokufa kwa ubovu wa kawaida ni bahati yako, usimrudishie. Hapo mwenye kuonea utakuwa wewe. Maneno haya yasemwe mbele ya mtu wa tatu au yaandikwe, kabla ya pesa kupita. Muuzaji anayekataa hata kuzungumzia kufungua moja mbele yenu ameshakujibu kuhusu nyingine zote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui biashara inayouthibitisha usemi huo kuliko hii. Kila kipande kinapoingia, kigonge namba kwenye bodi kwa patasi ndogo ya namba. Kwenye daftari andika namba, tarehe, umenunua kwa nani, bei, na baadaye ulichokikuta ndani: koili nzima, rota imekatika, imewahi kufunguliwa. Mafundi wengi wana kumbukumbu nzuri ya kazi na kumbukumbu mbaya ya manunuzi. Baada ya miezi michache daftari litakuonyesha kwamba yule muuzaji uliyemwona ghali ndiye ambaye vitu vyake vinafufuka, na yule rafiki yako wa bei poa amekuwa akikuuzia bodi tupu. Ukishajua hivyo, muongezee bei yule mkweli, kwa hiari yako, na umwambie sababu. Akipunjwa ataanza kuwapelekea wengine vizuri vyake, na wewe atakuachia lundo la sakafuni.

Chanzo bora kuliko vyote, hata hivyo, ni mteja wako mwenyewe. Wauza betri za magari wamezoea hili zamani: ukileta betri ya zamani unapunguziwa bei ya mpya. Fanya hivyo kwa alteneta na stata. Bei ni hii ukija mkono mtupu, na ni hii ukiniachia iliyokufa. Inayoachwa namna hiyo inakuja na historia yake, na historia hiyo iko mdomoni mwa dereva anayesubiri kwenye benchi lako. Muulize. Taa nyekundu ya betri iliwaka ghafla au ilianza kwa kufifia? Ilikuwa inalia kabla ya kufa? Kuna mtu aliyebadilisha betri siku hiyo? Ukiambiwa kwamba kijana alifunga betri kinyume, chanya kwenye hasi, na alteneta ikafa papo hapo, furahi. Kilichokufa ni dayodi, na kila kitu kingine huenda ni kizima kama kilivyokuwa asubuhi yake. Hakuna muuza lundo atakayeweza kukupa habari ya namna hiyo.

Halafu kuna sheria. Vitu vyenye shaba huibwa, na anayenunua kitu cha wizi hukaa mahabusu moja na aliyeiba. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayodai leseni kwa wafanyabiashara wa vyuma hivyo, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Wenye leseni na wasio na leseni wote walifunga. Popote ulipo, usinunue usiku, usinunue kwa mtu asiyetaka kutaja jina lake, usinunue nyaya zilizochomwa moto, dai risiti, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji uihifadhi kwenye daftari lile lile.

Baada ya kununua, neno moja la usalama, kwa sababu nimeona makovu yake kwa mafundi wenzangu: usioshee vipuri kwa petroli ndani ya chumba chenye benchi la kupimia. Cheche moja ya kaboni inatosha. Tumia sabuni ya kuondoa grisi na maji ya moto, kausha kwa upepo wa kompresa, na koili ziache juani siku nzima kabla ya kuzipima.

Unapofika wakati wa kuuza, mwambie mteja wazi kwamba hiki kimefufuliwa. Kukiuza kama kipya ni wizi hata kikidumu miaka 10. Kabla hakijatoka, kifunge kwenye benchi, kipe mzigo wa taa na feni, kiache kizunguke mpaka kichemke, kwa kuwa kuna dayodi na regyuleta zinazopita kipimo zikiwa baridi na kuanguka zikipata moto. Kwenye mfumo wa volti 12 tafuta takriban volti 13.8 hadi 14.4, na zisiyumbe. Dereva wa daladala au wa lori anayekutegemea hajui lolote kuhusu lundo ulilolinunua. Anajua tu kwamba taa zake zitawaka kwenye mteremko usiku, akiwa na watu nyuma yake.

Baadhi zitarudi. Zinaporudi, usibishane na mteja wala usiifungue akiwa ameondoka. Mpe nyingine, iliyorudi ifungueni pamoja, umwonyeshe kilichokufa. Kisha soma namba iliyogongwa kwenye bodi, fungua daftari, uone ilitoka kwa nani na katika mzigo wa tarehe gani. Tafuta namba nyingine za mzigo ule ule ambazo bado ziko kwenye rafu yako. Zishushe zote, uzifungue upya, hata zile zilizokwisha kupakiwa kwenye boksi na kulipiwa nusu.